Ada Iliyolipwa na Ng'ombe wa Mtani

Kwenye sherehe watu huniuliza nilisomeshwa na nani. Swali hilo huja mara tu wanapogundua kwamba nimeandika vitabu na kwamba hakuna kati yao aliyevisoma. Wenzangu wa umri wangu hujibu haraka kwamba walisomeshwa na serikali, na wengine huinamisha kichwa kidogo na kuongeza kwamba walisomeshwa kwa jasho la wakulima. Ni kweli kabisa. Miaka ile ya Ujamaa, ukichaguliwa kuingia chuo kikuu, serikali ilikulipia ada, chakula, kitanda, nauli ya treni na senti kidogo za sabuni. Mimi hujibu kwamba nilisomeshwa na ng'ombe wa jirani. Watu hucheka wakidhani natania, nami huwaacha wacheke, maana kicheko ndicho kilichonikosesha msaada wa serikali, na kicheko ndicho kilichonilipia.

Baba alikuwa fundi bati mjini Tabora. Alikaa barazani kwa Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa, akigonga madebe ya mafuta kuyageuza kuwa vibatari, ndoo na mikebe ya kuwekea asali. Alijiita Mzaramo. Baba yake, alisema, alipanda na misafara kutoka pwani, akachoka alipofika Tabora, akakaa. Hatukujua neno hata moja la Kizaramo, na yeye hakujua, lakini jambo hilo halikumsumbua mtu. Nusu ya mji ule walikuwa wajukuu wa watu waliochoka njiani. Mama alikuwa Mnyamwezi wa Goweko, na alipoudhika alisema ameolewa na kabila lisilo na shamba wala makaburi.

Jirani yetu wa nyumba ya pili alikuwa Mnyamwezi pia, mtu wa Lusu, upande wa Nzega. Alikuwa rika moja na baba. Alihamia mjini na ng'ombe wake, akajenga zizi nyuma ya nyumba, pale mtaa wetu ulipokwisha na mashamba ya mihogo kuanza. Ulipokuja utaratibu wa mabalozi wa nyumba kumi akawa balozi wetu. Maana yake ni kwamba ndiye aliyejua nani amepata mgeni, nani hajatoa mchango wa chama na nani anauza sukari kwa mlango wa nyuma. Kazi ilimfaa. Alikuwa na tumbo la mtu anayesikilizwa.

Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Vijana wa leo hudhani utani ni vichekesho vya redioni, kwa hiyo nitaeleza. Mtani anaweza kumtukana baba yako mbele yako. Anaweza kuingia uani kwako akaondoka na kuku, na wewe unatakiwa ucheke. Huruhusiwi kukasirika. Anayekasirika ameshindwa, na watu watamsimulia kwa miaka. Wala huruhusiwi kukanusha, kwa sababu ukikanusha umekiri kwamba umeumia. Njia iliyopo ni moja: kukubali lile tusi, kisha kuongeza lako lililo kubwa zaidi. Baba na balozi waliifanya kazi hiyo kila siku ya Mungu, asubuhi mmoja akienda barazani na mwingine akitoa ng'ombe, na sisi watoto tulikua tukiamini kwamba ndivyo wanaume wanavyoamkiana.

Nilimaliza kidato cha sita, jina langu likatoka kati ya waliochaguliwa kwenda chuo kikuu Dar es Salaam. Mama alipika pilau. Balozi alikuja akala nusu ya sinia, akasema sasa wapagazi nao wamepata mtu wa kuwahesabia mizigo. Lilibaki jambo dogo. Ili serikali imlipie mtu, ilibidi ithibitishwe kwamba ni raia, na kwa watu wa mjini waliokuwa na asili ya kwingineko uthibitisho wenyewe ulikuwa mzazi na balozi wake kufika mbele ya afisa.

Tulikwenda ofisi ya tawi la chama, watu watatu: baba, balozi na mimi. Afisa alikuwa mgeni mkoani, kijana nadhifu kutoka milima ya kaskazini, kombati yake imepigwa pasi hadi mikono ilisimama yenyewe. Kwao sijui wanatania na nani, lakini si na sisi. Alituita ndugu, akatuketisha, akamwuliza balozi kama anamfahamu mzazi wa mwombaji na anajua asili yake.

"Huyu?" Balozi alijiegemeza kwenye kiti hadi kikalia. "Namfahamu sana, ndugu afisa. Huyu si mtu wa hapa. Huyu aliachwa na Wabelgiji."

Afisa akauliza Wabelgiji gani.

"Wa vita ile ya kwanza, waliokuja na jeshi lao kutoka Kongo kumfukuza Mjerumani. Mama yake alikuwa mpagazi wao. Unga kichwani, huyu mgongoni. Unga ulipoisha, wakautupa mzigo uliobaki. Ndio huo umekaa hapo."

Nilicheka, hata mimi. Nilikuwa nimeyasikia hayo tangu utotoni kwa namna nyingi. Kuna siku baba alikuwa amebadilishwa kwa mbuzi mgonjwa, na siku nyingine alidondoka kwenye furushi la mikeka. Afisa hakucheka. Alimgeukia baba, akamwuliza kama hayo ni kweli.

Mtu wa kabila lolote lenye akili angesema hapana. Lakini pale alikuwapo mtani, tena mtani aliyekwisha kupiga, na mwanawe alikuwa anatazama.

"Kweli tupu," alisema baba. "Tena hajamaliza huyo. Baba yake ndiye aliyetununua, kwa chumvi ya kukopa. Mwulize kama deni amelipa."

Wazee wawili wakacheka hadi wakapangusa machozi. Balozi akampiga baba begani. Afisa akaandika. Aliandika taratibu, kwa mwandiko mzuri wa shule ya misheni, akatushukuru kwa kusema ukweli, akasema si watu wote waungwana kama sisi.

Jibu lilipokuja lilikuwa fupi. Mzazi amekiri mwenyewe, mbele ya balozi, kwamba alizaliwa nje na aliingia nchini na jeshi la kigeni, kwa hiyo mwanawe hastahili kulipiwa na serikali. Chuo kingeweza kunipokea, lakini kama mgeni, na mgeni hujilipia.

Kesho yake baba alivaa kanzu, akaenda kueleza kuwa ule ulikuwa utani. Afisa alimsikiliza kwa upole. Alimwambia kwamba siku ile alizungumza kwa furaha, bila kulazimishwa na mtu, na leo amerudi na uso wa kilio kwa sababu kuna fedha. Akamwuliza yeye angekuwa afisa angeamini uso upi. Mama naye akaenda. Alisema yeye amezaliwa Goweko, na mama yake kazaliwa Goweko, na kama wanataka makaburi atawaonyesha. Akajibiwa kwamba mtoto hufuata baba. Miaka mingi baadaye, nikiwa na shahada na muda wa kupoteza, niliisoma sheria yenyewe, nikakuta kwamba mzazi mmoja aliyezaliwa nchini alitosha. Wakati huo afisa alikuwa amepandishwa cheo mara kadhaa.

Mama alirudi nyumbani akavua mtandio, akawakuta baba na balozi wamekaa uani.

"Mmecheka," aliwaambia. "Sasa nyamazeni tuone mtoto atakwenda chuo kwa fedha gani."

Mhindi mwenye duka alipata habari kabla ya adhuhuri. Alitoka barazani na kikombe chake cha chai akamtazama baba akigonga bati. Alisema, "Karibu, fundi. Mimi nimezaliwa nyuma ya duka hili na mpaka leo naitwa mgeni. Utazoea." Halafu akaongeza kwamba, kwa kuwa sasa baba ni mgeni mwenzake, itabidi na yeye alipe kodi ya baraza. Hakuwa anatania. Yeye hakuwa mtani wetu.

Mtu mmoja angeweza kunisaidia, naye alikuwa balozi. Angerudi ofisini aseme yale yalikuwa maneno ya utani. Aliahidi kwenda. Alikwenda kweli, hadi mlangoni, nikiwa nyuma yake. Pale mlangoni mjumbe mwenzake alimnong'oneza kwamba balozi aliyetoa ushahidi wa uongo kwa serikali hunyang'anywa ubalozi, na pengine hulala ndani. Akasimama, akajikuna shingo, akasema amesahau kuwanywesha ng'ombe. Akageuka. Kila siku iliyofuata alisema atakwenda kesho, na baba kila siku akamjibu vizuri, hadi wiki ya kufungua chuo ikakaribia na mimi nikaanza kuwaambia marafiki kwamba hata ufundi bati ni kazi ya heshima.

Ndipo siku moja asubuhi baba akaingia uani kwa balozi. Balozi alikuwa na wageni wa chama, wamekaa kwenye viti vya kukunja wakinywa uji. Baba hakuamkia mtu. Alipita katikati yao hadi zizini, akamfungua ng'ombe jike mwekundu, akaja naye.

"Nimekuja kuchukua mshahara wa mama yangu," alisema kwa sauti ya mnadani. "Alibeba unga kutoka Kongo mpaka hapa. Hajalipwa."

Wageni waliangua kicheko. Balozi alicheka kuliko wote, akasema mchukue, mchukue, huyo ng'ombe ana kichaa, mtafanana. Nadhani alitegemea kumwona amerudishwa jioni. Kuku wa utani huliwa pamoja au hurudishwa, na ng'ombe hakuwahi kuchukuliwa na mtu. Baba alikwenda naye moja kwa moja mnadani. Alirudi na fedha, akatoka tena, akaenda kumchukua wa pili.

Nilichukua muda kuelewa alichokifanya baba. Kama ningekaa na njaa wiki mbili ndani ya behewa la daraja la tatu, nadhani ningeelewa haraka zaidi. Lakini safari ya kwenda Dar ilichukua usiku mmoja na mchana tu, na hadi treni inasimama Tura kuchukua maji nilikuwa bado najiuliza kwa nini balozi hakwenda polisi. Jibu ni hili. Akisema ng'ombe wameibwa, atakuwa amesema kati yake na baba hakuna utani. Kama hakuna utani, basi yale ya ofisini aliyasema kwa dhati, na chama kingemwuliza kwa nini alikaa miaka yote na mgeni nyumba ya pili bila kumripoti. Na akisema utani upo, basi aliidanganya serikali. Njia pekee iliyobaki wazi ilikuwa kucheka. Akacheka.

Chuoni nilikuwa kituko. Nilitembea na katambuga za mpira wa gari na shati moja la kubadilishana na lenyewe, lakini kwa kuwa nilikuwa najilipia katika nchi ya kijamaa, wenzangu waliamua kwamba baba yangu ni bepari. Mmoja alisimama katika mjadala akaninyooshea kidole kama mfano wa tabaka linalonyonya. Nilijaribu kueleza habari za fundi bati na ng'ombe. Walisema hivyo ndivyo mabepari wanavyosema. Jikoni kulikuwa na mpishi Mzaramo wa kweli, wa Kisarawe, ambaye alisikia mimi ni mwenzake, akanisalimu kwa lugha ya nyumbani. Nikamjibu, "Ahsante sana." Akanipa kipande cha nyama kidogo kuliko cha mtu mwingine yeyote kwenye foleni.

Mwaka wa pili baba alikwenda tena. Safari hii watu walikuwa wamekwisha kujua, na majirani walitoka mapema wakakaa vizuri, kama watu wanaosubiri ngoma. Mwezi wa kufungua chuo ulikuwa umekuwa sikukuu ya mtaa. Balozi alijaribu kuwapeleka ng'ombe kwa ndugu zake Lusu. Baba akasimama barabarani akatangaza kwamba mtani amekasirika. Wanawake wakapiga vigelegele. Watoto wakaenda kumwimbia mlangoni kwamba amekasirika, amekasirika, na mtu aliyekuwa na tumbo la kusikilizwa akawa hawezi kupita sokoni. Ng'ombe wakarudishwa. Baba akawachukua, na balozi akasimama katikati ya uani wake akicheka, mikono imeshika kiuno, meno nje, macho yakitazama kamba.

Mama aliniandikia kwamba mke wa balozi haleti tena maziwa. Baadaye akaniandikia kwamba hana tena maziwa ya kuleta. Mimi nilikuwa nasoma fasihi na falsafa, na nilipata alama nzuri katika somo la maadili.

Mwaka wa mwisho nilikuwa nyumbani likizo siku ile ilipofika, na baba akaniambia tufuatane. Nilijua zizi limebaki na dume mmoja na mtamba mmoja. Mtaa mzima ulijua pia kwamba mwana mkubwa wa balozi ameposa, na kwamba wakwe wamekubali kupokea mahari ndogo ya hao wawili kwa sababu ya heshima ya baba yake. Watu hawakutoka wengi kutazama. Wachache waliokuwa wamesimama barazani walikuwa na sura za watu wanaopita tu.

Tulimkuta balozi zizini, ameketi juu ya gogo. Amekonda. Kiti cha kukunja hakikuwapo tena, wala wageni wa chama. Baba alianza vile vile kama kawaida, kwa sauti ya mnadani, kwamba mshahara wa mama yake haujaisha.

Balozi hakucheka. Alisema taratibu, "Leo tusitaniane."

Baba akasimama. Nilimsikia mtu nje akivuta pumzi, maana ndivyo mtani anavyoshindwa, na baada ya hapo angeweza kuimbiwa hadi kufa. Lakini balozi hakuwa anaangalia nje. Alikuwa anamtazama baba.

"Yale niliyoyasema ofisini ni kweli," alisema. "Unajua ni kweli. Mama yako alifia kwetu Lusu, kwa homa, mzigo wa unga bado haujafunguliwa. Mama yangu alituweka mgongoni kwa zamu, wewe na mimi. Tumenyonya ziwa moja. Yule fundi Mzaramo unayemwita baba alikuchukua ukiwa umeshaota meno yote."

Niligeuka kumtazama baba, nikimsubiri ajibu kwa tusi kubwa zaidi. Nilikuwa na umri wa kutosha, na elimu ya ng'ombe sijui wangapi, na bado nilikuwa nasubiri mzaha.

"Najua," alisema baba.

"Nimeyasema miaka yote," alisema balozi. "Sokoni, msibani, kila mahali. Niliyasema ili yawe mchezo, mtu asiyafikirie. Hapakuwa na mtu wa kuandika."

"Siku ile alikuwapo."

"Nilizoea, ndugu yangu. Ulimi ulizoea."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwita hivyo. Balozi akasema mwanawe amekwisha kuposa. Akasema kama ni ada, aachiwe hawa wawili, na yeye mwenyewe atakwenda ofisini kesho kusema lolote baba atakalo, liwe kweli au uongo, wamnyang'anye ubalozi, wamfunge. Alikuwa analia, lakini kwa namna ya mtu aliyecheka sana miaka mingi, hata uso haukujua umbo jingine.

Baba alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Kesho yako naijua. Chuo kinafunguliwa wiki ijayo."

Akaniambia nifungue kamba. Niliifungua. Fundo lilikuwa gumu na mikono yangu ilikuwa imekuwa laini kwa kushika kalamu, kwa hiyo ilichukua muda, na muda wote huo wazee wawili walisimama wakinitazama. Mwishowe balozi mwenyewe alikuja akaninyang'anya kamba, akalifungua lile fundo kwa vidole viwili, akanirudishia.

Kesho yake tuliwapeleka mnadani. Tulipata bei nzuri, kwa sababu walikuwa ng'ombe waliotunzwa. Ada ikalipwa yote, na iliyobaki baba alininunulia viatu vya kuvaa siku ya mahafali, vyeusi, vya ngozi. Uchumba wa mwana wa balozi ulivunjika kabla sijapanda treni. Njiani kwenda stesheni sikumwuliza baba lolote, na yeye hakunieleza. Alizungumza tu kuhusu viatu, kwamba visinyeshewe na mvua.

Niliporudi na shahada yangu, nilikuwa nimekaa naye barazani asubuhi balozi alipopita, bila ng'ombe, bila fimbo. Nilijiandaa kucheka. Alisimama mbele ya baba, akavua kofia.

"Shikamoo, mzee," alisema, yeye aliyekuwa rika lake.

"Marahaba," alijibu baba, akaendelea kugonga bati.